Viatu vya Mkwe Wangu

Nianze kwa kuomba radhi. Tukikutana Malaba, au hata Busia mjini, ukanisalimia vizuri kama ulivyolelewa, utaona macho yangu yameshuka moja kwa moja hadi miguuni mwako. Si dharau. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na kitu, mingi yake katika zahanati ndogo kando ya barabara ya malori, na sasa nimestaafu lakini macho hayajastaafu. Kabla sijamtambua mtu kwa sura, nataka kwanza kuona anakanyaga vipi. Wajukuu wangu wanasema nimekuwa kama fundi wa viatu anayetafuta wateja.

Ninawaandikia ninyi mnaosomea kazi hii sasa hivi. Mna mashine, mna simu zinazojibu maswali yote, mnajua majina ya dawa ambazo sisi hatukuwahi kuziona. Siwezi kuwafundisha vitabu. Ninachotaka kuwaeleza ni habari ya neva, hii mishipa ya fahamu, na jinsi mimi, niliyewafundisha wengine kuitafuta neva iliyoumia, nilivyoiacha inisalimie mara tatu, nikaijibu kwa heshima, ikaenda zake na kuharibika zaidi. Mpaka leo nikikumbuka, kikombe cha chai nakiweka chini.

Lakini lazima nianze na Mzee Omuse, maana bila yeye ningebaki mtu wa kugawa Panadol.

Mzee Omuse alikuwa Mteso, mrefu, mwenye sauti ya chini, muuguzi wa zamani aliyeanza kazi ujanani akiwahudumia wagonjwa wa ukoma, enzi zile walipokuwa wakipelekwa hospitali ya Alupe. Mimi nilimkuta akikaribia kustaafu. Nilikuwa msichana kutoka Samia, nimemaliza mafunzo juzi, kofia yangu nyeupe imenyooka, najiona najua kila kitu. Siku ya kwanza alinikuta namwandikia dawa mama mmoja aliyelalamika miguu. Akasimama nyuma yangu, akauliza, "Hiyo miguu unayoandikia dawa, umeiona?"

Nikamwambia mama ameshanieleza.

"Mimi sijauliza kama amekueleza. Nauliza kama umeiona."

Nikavua viatu vya yule mama. Kati ya vidole viwili kulikuwa na kidonda kinachotoa maji, na mama mwenyewe alipokiona alishika mdomo. Hakuwa na habari nacho. Hakikumuuma hata kidogo.

Jioni hiyo Mzee Omuse alinieleza jambo ambalo nawapa ninyi vilevile nilivyolipokea. Alisema neva ni kama bomba la maji linalopita kijijini. Likipata shida, nyumba ya mwisho ndiyo inayokosa maji kwanza. Na nyumba ya mwisho mwilini ni vidole vya miguu. Kwa hiyo neva zikianza kuharibika kwa sababu ya sukari, au pombe, au kukosa vitamini, dalili zinaanza huko chini, miguu yote miwili, halafu zinapanda polepole kama mtu anayevaa soksi. Wengine huhisi moto, wengine sindano sindano, wengine mchwa wanatembea. Na wapo wasiohisi chochote, na hao ndio wa kuogopwa, kwa sababu hawaji hospitali. Watakuja kufanya nini, na hawaumwi?

Alikuwa na kifaa chake. Alikuwa akiwaagiza watu wanaokwenda Port Victoria wamletee uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mnene kidogo. Anakata kipande cha urefu wa kidole, anakiingiza kwenye kalamu ya biro iliyokwisha wino, anaushikisha kwa moto wa kiberiti. Huo uzi unaugusisha unyayoni mpaka ujipinde kidogo, basi, unautoa. Mtu mwenye neva nzima anausikia. Asiyesikia, jua kwamba huyo anaweza kukanyaga msumari akaenda nao sokoni na kurudi. Miaka mingi baadaye tuliletewa vifaa vya kiwandani vya kazi hiyohiyo. Nilipovifungua nilicheka peke yangu. Ulikuwa uzi uleule, wameuwekea mpini mzuri tu.

Na akaniwekea sharti. "Mgonjwa afumbe macho," alisema. "Na usimuulize 'unasikia hapa?' Huku kwetu watu wana heshima, atakujibu ndiyo ili asikuaibishe. Nyamaza. Yeye mwenyewe aseme 'hapo' akisikia." Sharti la pili: ukivua kiatu kimoja, vua na cha pili. Hata kama mguu wa pili hauna lawama.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja alileta binti yake mwenye homa, akasisitiza sindano. Watu wetu mnawajua, bila sindano mtu anaona hajatibiwa. Nami nikamdunga yule mtoto katikati ya tako, haraka haraka, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Pale katikati ndipo inapopita neva kubwa kuliko zote mwilini, na nilikuwa nimeifanyia mtihani na kuupita. Wiki hiyo mtoto alirudi anaburuta mguu. Unyayo unaning'inia. Nilipomwona anaingia hivyo mlangoni, nilikaa chini sakafuni, wallahi, mbele ya wagonjwa. Mimi Mkristo lakini siku hiyo niliapa kwa kila lugha.

Mzee Omuse hakunifokea. Alikata mpira wa gambuti kuukuu, akatengeneza kitu cha kuushikilia unyayo usianguke, akamfundisha mama kuunyoosha mguu asubuhi na jioni. Ilichukua miezi, lakini neva ikarudi polepole na mtoto akatembea. Wengine huwa hawarudi hivyo. Kwa hiyo mkidunga, dungeni pale juu upande wa nje wa tako, au pajani kwa watoto, na mama akitaka sindano isiyohitajika mwambieni hapana kwa adabu.

Dawa za maumivu haya nazo zina vituko vyake. Nilikuwa na mgonjwa, mama wa chapati pale karibu na geti la mpaka, ambaye alipata mkanda wa jeshi ubavuni. Vipele vikapona, maumivu yakabaki. Hata kanga ikimgusa analia. Panadol hazikumsaidia, na hazitawasaidia wengi, kwa sababu hapo si kidonda kinachouma. Ni neva yenyewe inayopiga kelele bila sababu. Daktari akamwandikia kidonge kidogo cha kumeza jioni, amitriptyline. Kesho yake asubuhi huyo hapo, ameshika mfuko wa dawa kwa vidole viwili kana kwamba ndani mna panya.

"Sister, mimi si mwenda wazimu!"

"Nani amesema?"

"Wa duka ya dawa. Amesema hii inapewanga watu ya akili. Nimewakosea nini?"

Nilimketisha, nikamweleza kwamba dawa hiyo kweli wanapewa pia watu wenye huzuni nzito, lakini kwa kiasi kidogo kazi yake ni kuzituliza neva. Na kwamba haitafanya kazi leo wala kesho, itachukua wiki kadhaa, na itamkausha mdomo na kumpa usingizi. Hayo yote alipaswa kuelezwa jana. Alimeza, na baada ya mwezi alinitumia chapati sita za moto. Ziko nyingine, kama gabapentin, pregabalin na carbamazepine, na kila moja ina mgonjwa wake na masharti yake. Hizo hazigawiwi kama peremende, na haziachwi ghafla. Waonye pia watu kuhusu wale wanaotangaza kwa spika siku ya soko kwamba wana chupa moja inayotibu neva zote. Nilimwuliza mmoja wao, neva ni nini? Akaniambia ni damu iliyolala.

Nasi tulifanya makosa yetu. Kuna dawa za TB ambazo humeza vitamini B6 ya mwili, na mgonjwa asipopewa hiyo vitamini miguu inaanza kuwaka, na tumewahi kusahau. Kuna dawa za zamani za virusi vya UKIMWI zilizochoma miguu ya watu mpaka zikaachwa. Kuna vidonge vya sukari ambavyo mtu akivimeza miaka mingi vinaweza kumpunguzia B12. Kuna pombe, na hapa mpakani sina haja ya kuwaambia inavyopatikana. Mtu akija na miguu inayowaka, fanya kama askari wa forodha: uliza kila kitu, fungua kila mzigo.

Sasa mnajua nilichokuwa nakijua. Nimewaeleza yote hayo makusudi, ili msije mkasema labda Sister hakufundishwa.

Binti yangu Nekesa aliolewa na Wandera, dereva wa malori ya masafa marefu, Mombasa hadi Kampala. Mtu mpole, anayecheka na mabega. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, lakini kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani kila mmoja anatafuta kitu cha kutazama majanini. Ni heshima, na ninyi vijana mnaicheka, lakini mimi niliishi ndani yake na niliona ni nzuri. Hakuna aliyetuambia itafika hospitalini.

Foleni ya malori Malaba mnaijua. Lori linaweza kukaa siku nzima halijasogea, na zahanati yetu ilikuwa palepale kando. Kwa hiyo Wandera alipoanza kuumwa miguu alikuja kwangu, angeenda wapi? Alisimama mlangoni, akatazama bango la chanjo ukutani.

"Mama, hamjambo."

"Hatujambo, mkwe. Nyumbani wazima?" Mimi macho yangu kwenye daftari.

"Wazima. Ni hii miguu tu. Inawaka."

"Inawaka wakati gani?"

"Sanasana nikilala. Blanketi ikinigusa naona kama mtu amemwaga pilipili."

Hapo, wanangu, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua. Nilipaswa kusema: kaa, vua viatu. Ulimi ulikataa. Mama mkwe amwambie mkwe wake avue, kisha amshike miguu? Nikauliza kitu ambacho nilikiona ni rahisi.

"Pombe unakunywa?"

"Hapana, mama."

Angejibu nini kingine? Mtu gani humwambia mama wa mkewe kwamba anakunywa? Na swali la pili, la kama anakojoa mara nyingi, nililiruka kabisa. Nawauliza ninyi mnaocheka, ungemuuliza? Nilimwandikia diclofenac ya kutuliza maumivu na vidonge vya vitamini, nikaviweka ukingoni mwa meza, akavichukua baada ya mimi kuondoa mkono.

Alirudi baada ya miezi michache. Inawaka kidogo kuliko zamani, alisema, ila imekuwa mizito. Nikafurahi! Hebu nisikieni: nilifurahi. Nikadhani dawa yangu imefanya kazi, na kumbe moto ulikuwa unazimika kwa sababu neva zenyewe zilikuwa zinakufa. Mzee Omuse, Mungu amlaze pema, alikuwa ameniambia hilo mwaka wa kwanza. Mara ya tatu alisema haiwaki tena, ila ni baridi, na anahisi kama anakanyaga godoro. Siku hiyo muuguzi mwenzangu, mwanamume, alikuwa chumba cha pili anapanga dawa. Ningeinua sauti tu angekuja, angemvua viatu, tungemaliza. Nilikaa kimya kwa sababu niliona aibu mwenzangu ajue kwamba nimekwisha kumtibu mkwe wangu mara mbili bila kumgusa. Hapo haikuwa heshima tena. Ilikuwa mimi na sifa zangu.

Halafu ikafika alasiri moja ya mvua. Nilikuwa nafunga vidonda vya mtu nikasikia mwanamume anaita nje.

"Sister! Kuja uone. Huyu boss ameungua na hajui."

Alikuwa dereva wa lori lingine. Nikamuuliza ameungua wapi.

"Mguu. Ngozi yake imebaki kwa gari."

Nikatoka. Na niliyemwona anakuja kwenye tope ni Wandera, anatembea. Hachechemei! Anatembea kama mtu anayekwenda dukani, anatabasamu kwa haya, na kila akikanyaga kiatu cha kulia kinatoa maji. "Mama, usishtuke," aliniambia, akitazama pembeni. "Ni kitu kidogo. Hawa wanaongeza chumvi."

Yule dereva akanieleza. Lori la Wandera lilikuwa la aina ile ya zamani ambayo injini iko ndani ya kebini, katikati ya viti viwili, na kifuniko chake kilikuwa kimeng'oka kitambaa kwa juu, chuma kitupu. Mvua ilipoanza Wandera aliona miguu imekuwa baridi, akavua kiatu kimoja, akaunyoosha mguu wa kulia juu ya kifuniko upate joto. Mwenzake alikuwa amepanda wapige hadithi. Wakakaa karibu saa nzima, wanacheka, injini inanguruma wakingoja foleni isogee. Wandera alipouteremsha mguu ndipo mwenzake alipoona kitu kimebaki juu ya chuma, akadhani ni soksi. Hakukuwa na soksi.

Nilimwingiza ndani, nikamketisha. Sikuita mtu. Nilipiga magoti mbele yake na kushika kiatu, naye akaurudisha mguu nyuma, akageuza uso ukutani.

"Mama, usishike. Tafadhali, mama. Niitie mwingine."

"Wandera, hii mguu haisikii kitu. Haiwezi jua ni mkono ya nani."

Akafunika macho kwa kiganja, akaniacha niushike.

Sitawaeleza yote niliyoyaona. Kisigino na upande wa vidole vilikuwa vimeiva, nasema neno hilo kwa sababu sina jingine. Na alikuwa anapiga mluzi! Mluzi mdogo wa mtu mwenye haya, huku mimi nasafisha mahali ambapo mtu yeyote angepasua paa kwa kelele. Nikakumbuka sharti la pili. Nikavua na kiatu cha kushoto.

Ndani yake mlikuwa na kizibo cha soda. Kilikuwa kimeingia chini ya unyayo na kujishikiza huko, na nilipokitoa, meno yake yote yalikuwa yamejichora kwenye ngozi, duara kamili, kama muhuri wa forodha kwenye karatasi. Nikamwonyesha. Alikichukua, akakigeuza.

"Hiyo soda nilikunywa Eldoret," alisema. "Wiki iliyopita."

Nikampima sukari. Mashine haikutoa namba. Iliandika tu kwamba imezidi uwezo wake. Nikampigia Nekesa simu, na pale ndipo nilipouliza maswali niliyopaswa kuyauliza mwaka mzima uliotangulia. Binti yangu akanijibu huku analia. "Mama, anaamka kukojoa hata mara tano. Kwa gari ako na chupa. Nilimwambia akuambie. Akasema hawezi kuongea hiyo maneno mbele yako."

Alipelekwa hospitali kubwa siku hiyohiyo. Swali lilikuwa moja, na kila mtu nyumbani alikuwa analijua: mguu wa kulia utabaki au utakatwa? Ndio wa breki, ndio wa mafuta, ndio uliokuwa unalisha watoto wanne. Kwa wiki nyingi hatukuwa na jibu. Nilikuwa nikiingia wodini, nasimama mlangoni, natazama dirishani, mpaka siku moja Nekesa alinifokea mbele ya watu. "Mama, heshima gani tena? Ulishamuona miguu. Kaa chini!"

Nikakaa.

Vilikatwa vidole viwili. Mguu ukabaki. Siku daktari aliposema umebaki nilitoka nje nikacheka na kulia pamoja, na mama mmoja mgonjwa akanipa leso yake. Lakini neva zilizokufa hazikurudi. Wandera hawezi tena kusikia anakanyaga breki kwa nguvu gani, kwa hiyo alirudisha funguo za lori mwenyewe kabla hajaambiwa. Sasa ana kibanda cha vipuri Malaba, anauza taa na mikanda ya feni kwa madereva waliokuwa wenzake, na kila anayekuja na malalamiko ya miguu anaambiwa avue viatu palepale kabla hajauziwa kitu. Sukari yake sasa inasikia amri. Pombe aliacha, maana kumbe ilikuwepo.

Kwetu kuna njia ya kulegeza mwiko wa mkwe na mama mkwe. Mkwe anatoa zawadi, mama mkwe anarudisha yake, watu wa pande mbili wanashuhudia, na baada ya hapo mnaweza kusalimiana kwa mkono. Kwa kawaida hufanywa watu wakishazeeka. Sisi tulifanya mapema. Alinipa blanketi, nikampa kuku, na shangazi zake walinitania kwamba nimeanza na miguu badala ya mkono.

Tangu wakati huo kila Jumamosi alasiri anakuja kwangu, anavua viatu barazani, anafumba macho. Nina kalamu ya biro yenye uzi wa Port Victoria. Anasema "hapo" pale kifundoni, na kidogo chini yake. Kwingine ananyamaza, nami nachunguza ngozi, natazama ndani ya viatu, nakung'uta. Tunapiga hadithi. Jumamosi moja, si zamani, nilikuwa namsimulia kituko cha kanisani: wakati sisi wa kwaya tunaingia tukicheza, ndala yangu moja ilibaki mlangoni na mimi nikaendelea kucheza mpaka kitini bila kujua. Dada mmoja akaniletea akicheka, nikamwambia ni furaha ya Bwana. Nilidhani Wandera atacheka kwa mabega kama kawaida yake. Hakucheka.

"Mama, na wewe," aliniambia, "huwa unaangaliwa miguu na nani?"

Nikamwambia mimi sina shida. Akanyoosha mkono, akaomba ile kalamu. Basi nikavua, nikafumba macho, nikajiegemeza kitini, nikaona utani huu ni mzuri.

"Ukisikia useme hapo," alisema, kwa sauti yangu mwenyewe.

Nikangoja. Nikasikia lori linafunga breki barabarani, nikasikia redio ya jirani. Nikadhani bado anaona haya, mtoto wa watu. Nikamwambia, "Anza basi, mkwe. Usiogope."

Nikasikia kalamu inawekwa sakafuni.

"Mama," alisema, "nimemaliza. Miguu yote mbili."

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati ileile nilikostaafu. Sikuwa nimejipima sukari tangu siku niliyorudisha funguo za zahanati, mimi, niliyewapima watu mpaka vidole vyao vikanichukia. Muuguzi wa zamu ni binti niliyemfundisha kazi. Aliinuka kuniamkia, akafuta kiti kwa mkono wake, akanisikiliza vizuri. Nikamwambia miguu haisikii. Akafungua daftari, akaanza kuandika dawa.

"Hutanivua viatu?" nikamuuliza.

Akaona haya, akashusha macho. "Aii, Sister. Wewe ni mwalimu wetu. Mimi nianze kukuvua viatu?"

Nilivua mwenyewe, vyote viwili. Nikaiweka miguu yangu juu ya daftari lake, nikampa ile kalamu, nikafumba macho.